Nyonga ya Mama Aliyepumzika

Hanna alikuwa na miaka sitini na minane, ng'ombe wawili wa kufugwa ndani, na nyonga ya kulia iliyosagika hadi kila hatua ikawa adhabu. Kihamba chake, shamba lililozunguka nyumba, kiko juu ya Makumira, mteremkoni, na majani ya ng'ombe yanaota kando ya mfereji, mahali pabaya kuliko pote. Kila asubuhi aliinama pale na mundu, magoti yamenyooka, kama wanawake wote wa huko wanavyoinama, akakata, akafunga mzigo, akajitwika. Kwa maumivu yale, huo ulikuwa ukaidi mtupu, na majirani walimwambia hivyo.

Binti yake Irine, afisa utumishi anayeishi mjini, Engutoto, ndiye aliyempeleka hospitali. Mzigo wa majani kichwani mwa mama yake ulikuwa unamchoma siku nyingi. Usharikani kwao, mama mwenye watoto waliosoma anatakiwa awe amepumzika. Asipopumzika, wanaosemwa ni watoto.

Daktari Lesikar, mpasuaji wa mifupa, aliweka mezani vichwa viwili vya nyonga ya bandia. Alieleza kwamba kile kidogo hukaa ndani ya kikombe chenye plastiki nene, ambayo huchukua miaka mingi kulika, ila mtu akiinama sana ni rahisi kuchomoka. Kikubwa hakichomoki kirahisi, lakini plastiki yake lazima iwe nyembamba, na huenda ikawahi kulika. Alisema hakuna kilicho bora kwa kila mtu. Kisha akauliza mama anafanya kazi gani.

"Hafanyi kazi yoyote, daktari," Irine alijibu. "Mama amepumzika. Tumemwekea msichana wa kazi."

Msichana alikuwepo kweli, ila aliogopa ng'ombe. Hanna alisikia jibu lile vizuri sana. Alichokuwa anakitaka kwenye upasuaji wote ule kilikuwa kimoja tu, arudi mferejini kwake na mundu wake bila kushikwa mkono. Lakini kumuumbua mwanawe mbele ya mgeni hakuweza. Akatazama viatu vyake, na daktari akaandika kichwa kidogo.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Maumivu yaliisha, na Hanna akafurahi waziwazi, akawa anatembea mpaka kanisani. Aliambiwa asiiname kupita kiasi. Maneno hayo aliyachukulia kuwa ya watu waliopumzika.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji alishuka mferejini. Aliinama, akashika majani ya kwanza, na nyonga ikatoka mahali pake. Jirani yake Eliya alimkuta amelala ubavu, mundu bado mkononi. Hospitalini waliirudisha akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Baada ya wiki mbili ikachomoka tena, na safari hii alikuwa anafunga viatu tu. Daktari Lesikar akasema hapo hakuna njia nyingine, itabidi afunguliwe upya, abadilishiwe kichwa.

Irine alikuwa ameshamwambia muuguzi kwamba mama aliteleza kwenye kigoda. Daktari alivuta kiti kando ya kitanda, akafungua faili, akarudia swali lake la kwanza bila kubadilisha neno: mama anafanya kazi gani?

Irine alimtazama mama yake, ambaye safari hii hakutazama chini.

"Ana ng'ombe wawili," alisema. "Anawakatia majani kila asubuhi, ameinama, halafu anayabeba kichwani. Nilikudanganya, daktari. Niliona aibu watu watatuonaje."

Daktari akaandika. Hanna alikuwa amemkasirikia binti yake tangu siku ile ya mferejini, na hasira hiyo alikuwa ameitunza vizuri. Sasa aliitafuta asiione.

"Na mimi uniandike," alimwambia daktari. "Nilikuwepo siku ile, na mdomo nilikuwa nao."