Kulala na Viatu

Vita vilipofika Kibati, nje kidogo ya mji wetu, mama alitufundisha kulala na viatu. Nilikuwa bado mdogo, dada yangu amenizidi kidogo. Tulikaa mtaa wa Keshero, katika nyumba ya mbao. Kila jioni mama alituosha miguu, akaikausha kwa kitenge chake, kisha akatuvalisha soksi, viatu na sweta. Kamba alizifunga mwenyewe.

"Tukikimbia, hakuna mutu wa kukutafutia kiatu mu giza," alisema.

Na kweli tulikimbia. Mabomu yalilia upande wa Munigi, mabati yakatetemeka, mama akatukamata mikono tukatoka. Njiani binti wa jirani alitembea pekupeku juu ya mawe ya volkano, analia, nyayo zinamtoka damu. Mimi nilitazama viatu vyangu tu. Niliamini ndivyo vinavyoniweka hai.

Tuliporudi, mji ulikuwa umetulia. Mama alituosha miguu, akaviacha viatu mlangoni. Dada alisinzia upesi. Mimi nililala macho wazi. Kila pikipiki iliyopita, nilishtuka.

"Mama, miguu yangu inaogopa."

Hakucheka. Alinivalisha viatu, na kabla hajamaliza kufunga kamba usingizi ulikuwa umenichukua.

Kuanzia hapo alinipunguzia polepole. Kwanza aliacha kufunga kamba. Baadaye nilivaa kiatu kimoja tu, halafu soksi peke yake, viatu vikiwa karibu na kichwa changu ili niviguse. Mwishowe akavirudisha mlangoni. Siku hiyo nilijikunja chini ya blanketi, nikisikiliza kama kuna mlio. Nilipoinua kichwa nilimwona mama ameketi kwenye kiti karibu na mlango, amevaa viatu, mfuko wa nguo zetu uko magotini.

"Mama, wewe unalala saa ngapi?"

"Lala, mutoto wangu. Nitalala."

"Kuja hapa, basi."

Aliweka mfuko chini, akavua viatu, akajilaza katikati yetu. Mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao, na moyo wake ulidunda mbio kuliko wangu. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana nilidhani yeye haogopi. Nilimshika mkono, nikaubana mpaka nikasahau kusikiliza.

Asubuhi dada alikuwa amewasha makaa uani. Mama bado alikuwa amelala, mdomo wazi, akikoroma. Sikuwahi kumwona hivyo. Tulinong'ona hadi jua likapanda.