Ganti ya Baba na Manyoya ya Kapita

Nakumbuka tulipokuwa wadogo mjini Likasi, mbwa hakuwa na shampuu yake. Ninaanza na hilo kwa sababu nina hasira. Juzi mpwa wangu alimtoa mbwa wake nyumbani, kisa manyoya kwenye kochi. Manyoya! Alitaka mbwa aote majani?

Sisi tulikuwa na Kapita, mbwa mwekundu wa manyoya mafupi, tuliyempa jina la msimamizi wa kazi kwa sababu alipenda kututangulia njiani. Watu hudhani mbwa wa namna hiyo hapukutiki. Uongo mtupu! Manyoya marefu unayaokota. Yale mafupi yanachoma kama sindano, yanaingia kwenye shuka, kwenye kola ya shule, mpaka kwenye soksi. Na miaka ile kazi kiwandani kwa baba ilikuwa imesimama, nyumba nzima tunakula mara moja kwa siku. Kapita, aliyeambulia makoko ya sufuria tu, akazidi kupukutika.

Jioni moja mama akakuta unywele mwekundu ndani ya bukari, ugali wetu pekee wa siku hiyo.

"Naona tena nywele moja mu bukari, ile imbwa inaenda Kambove kwa nkambo yenu!"

Kwa bibi kule Kambove hata makoko hayakuwepo. Tulijua Kapita hatafika mwisho wa kiangazi.

Tukajaribu gunzi la hindi, likamkwaruza. Brashi ya nguo ikateleza tu. Ndipo dada yangu Jolie akatungua msumarini ganti ya mpira ya baba, glavu yake ya kiwandani, iliyoning'inia pale tangu kazi isimame. Akailowesha, akampapasa Kapita kufuata manyoya yanakolala. Yakatoka mafungu mafungu. Tulikuwa tunashangilia baba alipotokea.

"Ganti ya kazi haiko ya imbwa!"

Akaiosha mwenyewe, akairudisha msumarini. Alikuwa bado anangoja kuitwa kazini.

Jumapili mama akakuta unywele mwingine. Akatafuta kamba ya kumpeleka Kapita Kambove. Jolie akaanza kulia. Baba akainuka, akaitazama ile ganti kwa muda, akaitungua.

"Leteni maji. Miye mwenyewe nitamupangusa."

Tangu hapo, kila asubuhi, saa ambayo zamani king'ora cha kiwanda kililia, baba alivaa ganti akampangusa Kapita uani, mbali na jiko. Mama naye, kimyakimya, akaanza kumtupia vichwa vya ndagala, wale dagaa wakavu. Manyoya yakapungua. Hayakuisha, mbwa ni mbwa.

Vijana wa leo wana kochi, wana maji bombani. Nikamwuliza mpwa wangu, kuvaa ganti kulimshinda nini? Akanicheka mjomba wake: "Tonton, ni imbwa tu!"

Imbwa tu! Kiwanda hakikumwita baba tena. Lakini kila alfajiri alipofungua mlango, Kapita alikuwa amekaa kizingitini, anamngoja aingie kazini.