Usipande Mlima na Soli Kipara

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo goti hili halijaniruhusu kuisahau. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Buyenzi mwenye kiburi cha mbio, na majirani walikuwa wameshasema yao: msichana anayekimbia milimani hataolewa. Kaka yangu mkubwa akaapa kwamba nikirudi nimeumia mara moja tu, mbio zimekwisha. Nikamwambia tutaona.

Nilikuwa nimenunua viatu vya mtumba, vyeupe, vizuri kweli. Vilinibana vidole, na soli ilikuwa imelika ikawa laini, lakini nani aliangalia chini? Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kupanda nilipanda vizuri. Wakati wa kushuka nikaegemea nyuma, nikatupa hatua ndefu, na udongo mwekundu ukanichukua mzimamzima.

Nikapita mtaani nachechemea, watu wakinicheka. Nyumbani, kaka alikuwa ameshafungua kinywa pale baba, ambaye alikuwa fundi wa magari, aliponiomba kiatu. Akapitisha kidole gumba kwenye soli, kama alivyozoea kukagua tairi.

"Mutoto wa fundi," akasema, "unapanda mulima na tairi kipara? Mi sikukatazi kukimbia. Nakukataza upumbafu."

Aibu iliniuma kuliko goti, maana tangu utotoni nilimsikia akiwagombeza madereva kwa kosa hilo hilo. Asiyesikia la mkuu, unajua mwenyewe. Kaka akanuna wiki nzima. Mimi nikarudi mlimani na viatu vibaya vyenye meno, nikawafuata akina mama wanaoshuka na ndizi kichwani, nikaiga miguu yao. Na mume nilipata, tena kwenye kilima hajawahi kunifikia.

Basi sikia. Kiatu cha mlimani kiwe na soli yenye meno, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya kidole gumba, kwa sababu ukishuka mguu husogea mbele. Ukipanda, fupisha hatua. Pakiwa pakali, tembea bila haya. Ukishuka, kunja magoti, hatua ndogo za haraka, usiegemee nyuma, na macho yatangulie miguu. Wakikwambia mbio si zako, usibishane nao. Funga kamba uende.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu na masikio ya kuchagua. Akurudishe nyumbani mzima, na kesho akutoe tena, wakitaka wasitake.