Hitima ya Kadiri

Katika mtaa wa Waswahili wa Gisenyi, miaka ile ya Wabelgiji, mtu aliweza kuzaliwa, kutahiriwa, kuoa na kuzika wazazi wake pale pale, na bado bomani akaitwa mgeni. Kadiri alikuwa mmoja wao. Baba yake aliletwa na Wajerumani kutoka Kasongo, kubeba mizigo, akafia Gisenyi na akazikwa Gisenyi. Mwana akajifunza ushonaji, akanunua cherehani, akaoa. Lakini kila mwaka ilimbidi asimame bomani, kofia mkononi, kuomba kibali cha kuishi katika mji alimozaliwa. Na akitaka kulala nje ya mtaa hata usiku mmoja, aombe kibali kingine.

Mkewe hakuhitaji kibali cha kukaa. Alizaliwa Kanzenze, kijiji cha mlimani, akaitwa Mukandutiye, akawa anashuka mjini kuuza maharage na viazi mpaka fundi mmoja mwenye maneno matamu akamteka moyo. Siku ya ndoa akaitwa Mwamini. Kaka zake walinuna: mwanamume gani huyu, hana shamba, hana ng'ombe? Baba yake tu ndiye hakununa. Kila alipokuja sokoni alipitia barazani kwa Kadiri, akakaa kwenye kiti cha wateja na kutazama sindano inavyokimbia, na mkwewe akamsikiliza hadithi zake zile zile bila kupiga miayo.

Kwa hiyo mzee yule alipofariki, Kadiri alifunga cherehani na kwenda mbio bomani. Karani aliyeitwa Nzeyimana, mtu mpole, mwenye shati la kupigwa pasi na haraka ya konokono, alimwambia arudi Jumatatu.

"Maiti itangoja Jumatatu?" Kadiri akauliza.

"Maiti sijui. Kibali ndiyo inangoja."

Kadiri hakungoja. Alipanda Kanzenze na mkewe, akashika jembe, akachimba kaburi bega kwa bega na mashemeji waliomnunia. Siku ya kurudi polisi walimkuta njiani bila karatasi. Hawakumpiga wala hawakumtukana, maana walikuwa na dawa iliyo kali zaidi. Wiki haikuisha akapakiwa kwenye lori na kupelekwa Kasongo, "kwao", mahali ambapo hakuwahi kutia mguu na hakuna aliyemjua hata kwa sura.

Tangu siku hiyo Mwamini alikuwa na jambo moja tu moyoni: mume wake arudi. Kadiri alifukuzwa kwa kumzika baba wa mkewe, na deni la namna hiyo halilipwi kwa maharage. Mbonigaba, dereva wa lori la mizigo aliyekuwa akifika Kasongo, ndiye aliyekuwa mdomo wa Kadiri.

"Bwana yako iko muzima, dada," alimwambia mara ya kwanza. "Anashonea batu manguo kule. Ananituma nikuulize: mi nitarudi lini?"

Hapo ndipo habari ilipoingia mtaani kwamba mwaka ule, hamsini na saba, wageni wa Umoja wa Mataifa watapita Gisenyi na kusikiliza malalamiko ya watu.

Mtaa ukachemka. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa Kasongo, wa Ujiji, wa Tabora, wa Usumbura, na kila mmoja alikuwa na kibali kinachokaribia kwisha. Mbele yao alijitokeza mzee Faradji, mwenye duka la vitambaa na mdomo mpana kuliko duka lenyewe. Aliyasema maneno "haki zetu" mara nyingi kuliko bismillahi. Lakini tumpe haki yake: ni yeye aliyesema kwamba wasiende kwa wageni kila mtu na kilio chake, wakae kwanza wakubaliane neno moja. Naye ndiye aliyesema kwamba neno hilo liwe Kadiri. "Alizaliwa hapa, baba yake amelala hapa, alifukuzwa kwa sababu ya mazishi. Mzungu gani ataweza kujibu hiyo?" Akamgeukia Mwamini. "Dada yangu, mi naapa, bwana yako atakuwa wa kwanza katika kinywa yangu."

Tatizo lilikuwa mkutano. Watu wa mtaa hawakuruhusiwa kukusanyika bila ruhusa, na ruhusa haikupata kutolewa. Kitu kimoja tu boma halikukataza: msiba. Faradji akasema waombe hitima. Msomaji atasoma mbele, pilau itapikwa nyuma, na huko nyuma, kwenye sufuria za wanawake ambako karani hathubutu kuingia, maneno yatapangwa.

Wakaenda bomani, Faradji na wazee wawili, na Mwamini kwa kuwa jambo lilikuwa lake.

"Hitima ya nani?" Nzeyimana akauliza.

"Ya marehemu yetu wote," Faradji akasema.

"Wote iko nani? Mi naandika jina moja."

Wafu wa mtaa boma lilikuwa na majina yao, na hitima zao zilikwisha kusomwa zamani. Wazee wale walikuwa na kaka, wajomba, wana safarini, na hakuna aliyekubali kulitoa jina la mtu wake kinywani, asije akamtia mkosi. Faradji, bwana haki zetu, akaanza kutazama kucha zake. Mwamini akaona mkutano unamponyoka, na pamoja nao Kadiri.

"Bwana yangu," akasema. "Kadiri. Alikufa kule Kasongo."

Nzeyimana akainua kichwa, akasikitika kwelikweli, kwa maana alimkumbuka. "Pole, mama. Ni nani aliona?"

Hapo Faradji angeweza kusema wamesikia kwa watu tu, habari za njiani, na habari za njiani kesho hukanushwa. Lakini ulimi wake haukujua kwenda polepole. "Mi mwenyewe!" akasema. "Nilienda kule kwa biashara. Nilitupa udongo kwa mikono yangu hii." Akaapa, akatia kidole gumba chake kwenye karatasi, na ruhusa ikatoka.

Maalimu wa msikiti alipopata habari alitaka kuvunja jambo zima. Kumsomea hitima mtu anayepumua! Wakambembeleza mpaka akakubali kuwasomea wafu wote wa Kiislamu, na jina la Kadiri likifika alimeze. Siku ile ubani ukafukizwa, juzuu zikagawanywa, na wanaume wakawa wanapita nyuma mmoja mmoja kwa kisingizio cha kubeba maji. Huko kwenye moshi, kati ya vitunguu na mchele, watu wale wakapanga maneno yao vizuri kuliko baraza lolote la wakubwa. Nzeyimana alikuja na mkewe na dada wa mkewe, wakakaa mkekani. Alikula sahani mbili. Alipomwona Mwamini katika nguo nyeupe za mjane, akilia, naye machozi yakamlenga. Machozi ya Mwamini hayakuwa ya uongo. Alikuwa amesikia Maalimu akilimeza jina.

Na kwa kuwa mke wa Nzeyimana alikaa karibu na mtaa, akipita kila mara na salamu zake za pole, Mwamini alilazimika kukaa eda. Eda nzima! Hakwenda sokoni, hakujipaka mafuta, hakucheka mbele ya dirisha, mume wake akiwa Kasongo anatia uzi kwenye sindano. Majirani walimwambia avumilie kidogo. Ni rahisi kumwambia mtu avumilie ukiwa na mumeo ndani anakoroma.

Eda ilikwisha, na baadaye kidogo wageni wakafika. Walikaa kivulini, ukumbini mwa boma, na bwana mkubwa wa Kibelgiji pembeni yao, na mtaa wote umesimama uani. Faradji alivaa kanzu mpya. Lazima tuseme alizungumza vizuri. Alieleza vibali, alieleza kulala na kuamka mgeni, na akafika kwa Kadiri kama alivyoapa. "Donc, basi, tunaomba mutu huyu arudishwe kwake." Mkalimani akatafsiri. Mgeni mmoja, mwenye miwani, akaandika, akamgeukia bwana mkubwa kumuuliza.

Bwana mkubwa akamwita Nzeyimana.

Nzeyimana hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. "Lakini Kadiri alikufa," akasema, akishangaa. "Mi nilikuwa kwa hitima yake. Nilikula pilau. Muzee Faradji mwenyewe alimuzika, aliapa mbele yangu."

Bwana mkubwa akatabasamu kidogo. Akasema kwa upole, na mkalimani akayatoa maneno yake moja moja: ruhusa ilitolewa kwa ajili ya maiti. Kama hakuna maiti, basi ulikuwa mkutano, na kila aliyehudhuria alivunja sheria na kibali chake kinaweza kufutwa. Na aliyeapa uongo, gereza lipo.

Watu wote wakamtazama Faradji. Neno moja tu lilihitajika, abebe kosa peke yake: nilidanganya. Faradji alifungua kinywa, kile kinywa chake kipana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakikutoa kitu. Akaanza kutazama kucha zake.

Yule mgeni mwenye miwani akamwona mwanamke aliyesimama mbele. Akauliza, na mkalimani akauliza: "Mama, bwana yako iko muzima ao alikufa?"

Mwamini aligeuka nyuma. Languida, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye kibali cha mumewe kilikuwa kinakwisha mwezi ule ule, alikuwa amembana mtoto kifuani na kumtazama kwa macho ya kuomba. Wote walikuwa hivyo. Hakuna aliyesema "sema", hakuna aliyesema "nyamaza". Walimwachia yeye, na kumwachia mtu jambo kama lile ni ukatili.

"Alikufa," Mwamini akasema.

Mgeni akafuta mstari alioandika, akampa pole, wakaendelea na mengine.

Mwaka huo vibali vya mtaa viliongezwa muda. Faradji akachinja mbuzi, akasimulia jinsi alivyowakabili wakubwa uso kwa uso. Sahani ya kwanza alipelekewa Mwamini, kwa heshima, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi. Aliipokea, akashukuru, akawapa kuku.

Mbonigaba alirudi na swali lile lile. Mwamini akamwambia, "Asikanyage huku. Akionekana, batu bote bamekwisha. Mupelekee cherehani yake. Mwambie mi ndiye nitakuja." Wakaipakia kwenye lori, wameiviringisha katika nguo nyeupe za eda.

Kesho yake akaenda bomani. Kutoka Gisenyi kwenda Kasongo sasa yeye ndiye aliyehitaji kibali. Nzeyimana akamkaribisha, akamvutia kiti.

"Kasongo, mama? Unaenda kwa nani kule?"

Mwamini akakaa kwenye kile kiti. "Kuona kaburi," akasema.

Nzeyimana akatikisa kichwa kwa huruma, akafunga droo yake, maana saa za kazi zilikuwa zinakwisha.

"Kaburi haikimbie, mama. Rudi Jumatatu."

Akarudi Jumatatu. Na Jumatatu nyingine pia alionekana pale, amekaa kwenye benchi la nje pamoja na wageni wengine.