Maneno Aliyoyasemea Mweiga

Binti yangu hakuwa mtu wa maneno. Wageni wakija kwetu Nyeri mjini, aliwasalimu, akawawekea chai, kisha akapotelea chumbani. Kwa hivyo chuo kimoja cha ualimu kilipomwita kwa mahojiano, niliingiwa na hofu. Kila jioni nilimsimamisha sebuleni nikamfundisha kujieleza: atoe sauti, atabasamu, aseme alizaliwa kiongozi. Aliyarudia maneno yangu huku akitazama sakafu. Siku moja alinyamaza katikati, akaniomba ruhusa ya kwenda Mweiga kwa baba yake.

Mimi na baba yake tuliachana zamani. Huko Mweiga ana mke mwingine, na mtoto wa kike asiyesikia. Nilikubali shingo upande.

Jumamosi nilimfuata, nikisingizia kumpelekea viatu vya mahojiano. Nilipokaribia jikoni nilisikia msichana akiongea bila kukoma, na nikachelewa kutambua kwamba ni wangu. Walikuwa wakimenya viazi, yeye na mke wa baba yake. Alisimulia jinsi alivyomfundisha mdogo wake kuomba maziwa kwa ishara za mikono, na jinsi mtoto alivyocheka alipoona ameeleweka. Tangu hapo alitaka kuwafundisha watoto wasiosikia. Yule mwanamke hakumkatiza. Aliuliza tu, "Na wakisema wewe ni mpole sana?"

"Nitawaambia ni kweli, mimi huongea kidogo. Watoto kama hawa hawataki mtu wa kelele. Wanataka mtu wa kuwaangalia."

Nilishikwa na wivu. Mimi ndiye niliyemlea, nikamuuguza, nikamsomesha, lakini moyo wake alikuwa akiufungulia jikoni kwa mwingine. Nilipobisha hodi, ile sauti ikakatika papo hapo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yule mwanamke alinikaribisha kwa heshima, akanipa chai ya maziwa mazito, na hata utamu wa chai ile niliuonea wivu. Yule mdogo akaingia, binti yangu akamwambia jambo kwa vidole, wote wawili wakanitazama wakacheka. Nilitamani kujua wamesema nini.

Aliponisindikiza stejini nipande matatu, nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Mama, nikitaja nyumba ile unanuna siku nzima," alisema polepole. "Sasa ningekuambiaje?"

Nilimwambia aachane na yale ya kuzaliwa kiongozi, aende aseme kama alivyosema jikoni. Akashukuru, kisha akaomba kwamba siku ya mahojiano asindikizwe na mke wa baba yake. Nilisema sawa. Siku hiyo nilikuwa dukani kwangu, ninapouza vitambaa, na sidhani kuna mteja aliyetoka akiwa amefurahi.

Walimkubali. Alipata habari akiwa nyumbani, akanipigia simu dukani. Ningempongeza kwanza, lakini mdomo ulinitangulia, nikamuuliza kama ameshawaambia watu wa Mweiga.

"Bado, Mama. Nimeanza na wewe."

Niliketi juu ya robota la vitambaa. Nikampongeza, nikamuuliza atahitaji blanketi ngapi, kama huko kuna baridi, kama ataweza kula chakula cha chuo. Alijibu kila swali kwa upole. Maswali nilikuwa nikiyatafuta tu, moja baada ya jingine, ili asikate simu akampigia yule mwingine.