Fundi Redio Aliyeitwa Ninja

Mtaa mzima ulimwita Ninja, hata watoto ambao hawakujua kwamba jina hilo lilianza kama kejeli. Alikuwa fundi redio, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na alipopita akichechemea, watu wa rika lake bado walibana kicheko.

Chanzo kilikuwa mkanda wa video wa sinema ya maninja. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja, kaka yake kumi na minne. Waliutazama kwa jirani mpaka wakaukariri, kisha wakachana gauni jeusi la mama, wakajifunga vitambaa usoni na kupanda ukuta wa nyuma ya nyumba. Punde kaka akaingia ndani mbio, akilia kwamba mdogo wake amejirusha. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya. Mtoto aliposema amesukumwa, mama alimkata kauli: "Usimsingizie mwenzako. Umejitakia mwenyewe." Maneno hayo aliyasikia kila walipokaa foleni hospitalini, miaka nenda miaka rudi.

Jumamosi moja mchana kaka, sasa dereva wa lori mwenye kitambi, aliingia karakanani kwa Ninja akiwa na flashi mkononi.

"Nimeipata ile sinema yetu, mdogo wangu!"

Wakaichomeka kwenye televisheni ya mteja iliyokwisha kupona. Ilikuwa vilevile: midomo ikifunga, sauti ndiyo kwanza inaanza, mapanga yakilia kabla ya kugusana, moshi ukifuka, mtu hayupo. Mzee mwenye ndevu za kubandika alipouawa mara ya pili, Ninja alishika mbavu.

"Huyu si alikufa kule darajani?"

"Mazishi yaliahirishwa!" kaka akadakia, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Kisha shujaa akapanda ukuta. Kaka akasugua magoti kwa viganja.

"Siku ile... mimi ndiye niliyekusukuma."

"Najua. Mgongo ulikuwa wangu."

"Nilikuwa mtoto. Nilimwogopa mama."

"Na ulipoacha kuwa mtoto?"

Kaka aliendelea kusugua magoti.

"Mama tulimzika mwaka juzi," Ninja akasema. "Alikufa akijua mimi ni mwongo. Siku ya mwisho alinishika mkono, akaniambia amenisamehe. Mimi, kaka! Nikamwambia asante."

Kaka alianza kulia, akanyoosha mkono azime televisheni.

"Acha. Haijaisha."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimesema acha, natazama sinema."

Kaka aliinuka, akaondoka bila kuaga. Ninja aliitazama mpaka majina ya waigizaji yalipokwisha. Aliipenda, hilo hakuweza kujidanganya. Lakini sasa kila kichekesho alikisikia kwa sauti ya kaka yake.

Tangu hapo kaka hupiga simu kila Jumamosi. Ninja huitazama ikiita mpaka inyamaze, kisha huendelea kulehemu.