Mkono wa Mtu Asiyeitikia Shikamoo

Jambo hili sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mkono ninaousema uko hapa kwenye kigutu changu wakati ninaandika. Ukija kwetu Chonyonyo utauona. Ni vyuma na nyaya tu, hauna ngozi. Ngozi ulikuwa nayo. Nataka nikueleze ilikwenda wapi, na kwa nini sitaki nyingine.

Nilikuwa na miaka kumi na saba mashine ya kukoboa kahawa iliponikamata. Mkanda ulishika mkono wa shati. Mkono wa kulia ulikatika juu kidogo ya kifundo, na wa kushoto, niliotaka kujiokoa nao, ulipoteza vidole viwili. Baba alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Alituachia kibanja, shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, mimi na mama, na mtoto wa kiume ni mimi peke yangu.

Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alisema kibanja hakiwezi kukaa mikononi mwa mtu asiye na mikono. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa aibu. Wazee wakaamua nipewe mpaka mwisho wa mavuno ya kahawa yanayofuata. Nikionekana napogoa na kuchuma mwenyewe, kibanja ni changu. Nikishindwa, atakitunza baba mdogo. Unajua maana ya kutunza. Mama aliijua pia, ndiyo maana hakulala usiku ule.

Basi tulipopata habari kwamba kliniki moja ya viungo bandia inatoa mikono ya umeme, ile inayofunga na kufungua vidole ukikaza misuli, mama alinipeleka. Ilikuwa mbali na kwetu. Fundi wa pale aliitwa Mwanaidi, mama mmoja wa mjini mwenye asili ya pwani, mcheshi sana. Alinipima kigutu, akakizungushia plasta, akanibandika vipande vya kusikiliza misuli. Akaniambia nikaze kama ninayefungua kiganja. Kwenye meza mkono wa vyuma ukafunguka. Nililia, sifichi.

Lakini ulihitaji ngozi ya juu, ya silikoni, ili udongo na maji yasiingie. Kawaida wanachukua umbo la mkono wako uliobaki, halafu kompyuta inaugeuza. Mkono wangu uliobaki una vidole vitatu. Mwanaidi akasema nije na ndugu mwanamume wa umbo langu, atoe mkono wake wa kulia, wachukue umbo kwake. Baba mdogo alikubali mbele ya mama.

Siku yenyewe hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini tangu asubuhi, peke yangu, mama akiwa amebaki kulinda mbuzi na nyumba. Saa saba Mwanaidi alitoka akaniambia gari linaloyapeleka maumbo kiwandani linaondoka saa kumi, na lingine litapatikana mwaka ujao. Mkono bila ngozi hawezi kunipa niende nao shambani, utakufa baada ya miezi michache. Alisema hivyo kwa huruma. Nilikuwa natazama sakafu.

Nilipoinua macho, mtu alikuwa ameketi mwisho wa benchi.

Niamini, sikumwona akiingia. Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti refu la zamani na buti za mpira zenye udongo mwekundu, ingawa siku hiyo ilikuwa kavu. Mkono wa kulia ameupakata mapajani, ameushikilia kwa wa kushoto, kama mtu aliyebeba kitu anachoogopa kianguke. Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, maana mimi sauti yangu ni ndogo. Sikurudia. Kosa langu la kwanza ni hilo.

Kwetu hupokei kitu kwa mtu usiyemjua kabla hujauliza yeye ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, anatoka wapi. Hata mtoto mdogo anauliza. Mimi niliona haya. Mwanaidi alifungua mlango, akamwona, akasema, "Alhamdulillahi, baba mdogo amefika." Nami nikanyamaza. Ningesema simjui, ningerudi nyumbani mikono mitupu. Wewe ungesema?

Yule mtu aliingia. Mwanaidi akakoroga ule unga wake kwenye ndoo ndogo, ukawa kama uji wa rangi ya waridi, mtu akatumbukiza mkono. Huwa unaganda kwa dakika tatu. Tulisubiri robo saa. Mwanaidi akacheka. "Baba, leo umekula barafu? Mkono una baridi mpaka dawa yangu inakataa."

Mtu hakucheka. Uji ulipoganda naye akautoa mkono, niliuona vizuri. Kulikuwa na kovu kutoka chini ya dole gumba hadi kwenye kifundo, limepinda kama ndoana, na ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umepasuka katikati. Mwanaidi akaniambia nisijali, hayo yote yanaweza kusawazishwa, nitapata mkono wa kijana. Hapo ndipo mtu aliposema neno lake pekee.

"Kovu lisifutwe."

Kisha akatoka. Nilikimbia ukumbini nimshukuru. Benchi lilikuwa tupu na mlinzi wa getini alisema hajapita mtu. Palipokuwa na buti zake pamebaki udongo mwekundu, na harufu ya shimo lililochimbwa leo.

Baada ya miezi miwili nilivalishwa mkono. Ngozi ilikuwa na rangi yangu, mishipa, vinyweleo, na lile kovu. Mwanaidi alinipangia mishiko kwa simu yake: wa kikombe, wa panga, na wa kubana punje ya kahawa. Nilijifunza haraka. Nilipogoa migomba mama akinitazama mlangoni, na majirani walisimama njiani kuangalia. Baba mdogo naye alipita, akatazama, hakusalimia.

Lakini kulikuwa na jambo. Kila jioni, jua likigusa kilima, ule mkono ulifumba wenyewe. Ulifumba polepole na kwa nguvu, kama mtu aliyeshika kitu anachonyang'anywa. Nilimpigia Mwanaidi. Akasema ni jasho kwenye vile vipande, nivipanguse. Nilivipangusa. Siku moja nikautoa kabisa, nikachomoa betri, nikauweka juu ya meza. Jua lilipogusa kilima, ulifumba.

Mama aliniambia nisimwambie mtu. Alihofia kibanja.

Ulipokaribia mwisho wa mavuno, mama alinituma Isingiro, Kyerwa, nikamchukue shangazi aje kunisemea kwenye kikao. Nilifika alasiri. Nyumba ya shangazi ilikuwa imefungwa. Jirani yake, mjane aitwaye Mama Adela, akanikaribisha kwake nisubiri. Akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni, akapiga magoti kunipa. Nikanyoosha mkono wa kulia kwa heshima, nikabana punje mbili.

Kikapu kilimtoka. Alikuwa anatazama kovu. Kisha akashika kidole cha shahada, akapapasa ukucha uliopasuka. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, mkono wa Leonsi umeutoa wapi?"

Nilimweleza ni wa bandia. Akasema kovu lile alilifunga yeye mwenyewe kwa ganda la mgomba, mwaka alioolewa. Leonsi alikuwa mumewe. Miaka mitatu iliyopita walimkuta amekatwakatwa mpakani mwa kibanja chake, jua likizama. Mkono wa kulia haukuonekana. Walitafuta siku mbili, wakamzika bila huo.

Nilitaka kuondoka. Kabla sijainuka aliingia mwanamume mnene mwenye kofia, akauliza kuna nini. Ni Projest, shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake linapakana na kibanja cha Leonsi. Aliponiona mgeni alinipa mkono, kama mtu yeyote mstaarabu. Nikampa. Ningemnyima vipi?

Mkono ukafumba.

Nikakaza misuli ya kufungua. Haukufunguka. Projest akacheka, akasema kijana una nguvu kama ng'ombe wa Kinyambo. Nikakaza tena mpaka bega likauma. Nilisikia vifupa vya vidole vyake vikisagana. Sasa alikuwa hacheki. Aliinamisha macho, akaliona kovu, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Akaanza kusema kwa Kinyambo, na hakuwa anasema na mimi.

"Leonsi, kaka yangu, niachie. Niachie, nitasema."

Kuna kitufe pembeni cha kuachia kigutu. Nilikibonyeza kwa vidole vyangu vitatu, nikachomoa mkono wangu, nikarudi nyuma hadi ukutani. Na ule wa bandia ulibaki pale, umening'inia kwenye mkono wa Projest, umeshika. Alitoka nao nje akiukung'uta, watu wakaja, shangazi naye akafika kutoka sokoni. Watu wawili walijaribu kuubandua vidole wakashindwa.

Alisema yote uani, amepiga magoti. Alikuwa akisogeza milamula, ile mimea ya mpaka, kidogo kidogo kila msimu. Jioni ile Leonsi alimkuta, akaushika mlamula asiung'oe, hakutaka kuuachia. Projest akaukata mkono ukiwa umeshika hivyo hivyo. Akauzika papo hapo, akapanda mlamula juu yake.

Walikwenda na majembe. Nyasi za pale zilikuwa hazijaguswa na mlamula ulikuwa umeota mizizi. Walichimba. Chini kulikuwa na uwazi wa urefu wa mkono wa mtu, laini pembeni, na ndani hakuna kitu. Projest aliapa ndipo alipouweka. Nilimwamini. Mimi peke yangu ndiye niliyejua ulikokuwa umekwenda.

Mama Adela akasogea, akashika kile kifundo cha bandia kama unavyomshika mgonjwa. "Baba Adela," alisema, "inatosha." Vidole vikafunguka, kwa ule mlio wa kawaida wa mota.

Projest aliondoka na mwenyekiti wa kitongoji kwenda polisi, bila kufungwa kamba. Watu walipotawanyika Mama Adela alinikalisha, akaniambia alimzika mume wake akiwa pungufu na sasa anauomba mkono wake. Hakunilazimisha. Shangazi alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba kikao ni wiki ijayo, nikirudi bila mkono kibanja ndiyo basi. Niliyakumbuka maneno ya Mwanaidi. Udongo na maji. Yule mama alisubiri huku ameshika kanga yake usoni.

Vyuma vilikuwa vyangu. Ngozi haikuwa yangu, nikaivua, kwa kuikunja kuanzia kifundoni kama nilivyofundishwa. Ilitoka kama soksi. Sikiliza: ile ngozi haipitishi hata tone. Lakini ndani ilikuwa baridi na yenye unyevu, na kwenye ncha za vidole, vyote vitano, kulikuwa na udongo mwekundu.

Waliizika ubavuni mwa kaburi la Leonsi kabla ya jua kuzama. Mwinjilisti alisali. Nilirudi Chonyonyo na shangazi, mkono wa vyuma nimeufunga kwa mfuko wa plastiki.

Kikao kilikuwa siku ya mvua. Wazee walitaka wanione nikipogoa. Nilipogoa mgomba wa kwanza na wa pili, kwenye wa tatu maji yakaingia na vidole viwili vikafa. Shangazi alinisemea sana. Mwishoni walikigawa kibanja. Sehemu ya chini, yenye kaburi la baba, yangu. Ya juu, yenye kahawa nzuri, ya baba mdogo. Mama alikwenda jikoni. Walipopanda mlamula wa mpaka mpya, wazee walitaka tupeane mikono. Baba mdogo alitazama vyuma vyangu, akanipungia tu kwa mbali. Habari za Isingiro zilikuwa zimemfikia. Mpaka ule haujasogea hata hatua moja tangu siku hiyo.

Baadaye nilimpigia Mwanaidi. Aliangalia fomu. Mahali pa jina la aliyetoa umbo palikuwa patupu, alidhani nimeandika mimi. Akaniambia pia kwamba ule uji uliogandia mkono, uliobaki baada ya umbo la plasta kupelekwa, aliutupa baada ya siku mbili, maana ulianza kunuka nyama. Anaweza kunitengenezea ngozi nyingine, nilete ndugu tu. Baba mdogo mwenyewe ametuma mtu kusema safari hii atakuja. Nimekataa. Vidole vitatu vya vyuma bado vinafanya kazi, navifunga plastiki, na watoto wananikimbia. Jioni jua likigusa kilima huwa naviangalia. Vimetulia. Lakini naviangalia.

Wewe unayesoma, kama una haya kama mimi, haya yako iache nyumbani. Mtu akija kukufaa siku umekata tamaa, mwamkie kwa sauti, muulize ni mtoto wa nani, na usubiri aitikie. Asipoitikia, usipokee kitu kwake, hata kikiwa ndicho kile ulichokuwa unakiomba kwa Mungu.